Umalkia wa Bi Shamsia

Daktari alizungumza Kichina kwa muda mrefu huku akiielekeza kalamu yake kwenye picha ya koo. Edina, mwanafunzi wa udaktari kutoka Moshi aliyekuja kutafsiri, alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamgeukia Bi Shamsia.

"Nambie, mwanangu," alisema Bi Shamsia. "Mimi nimesemwa na Unguja nzima. Maneno hayaniui."

"Ni saratani, mama. Ipo kwenye kikoromeo. Wanataka kukitoa chote, wiki hii hii."

"Na sauti?"

"Inaondoka nacho."

Bi Shamsia akajitanda vizuri mtandio wake, akamshukuru daktari kwa Kichina chake cha sokoni, akatoka.

Hakukuwa na Mtanzania pale Xiaobei, mtaa wa Waafrika jijini Guangzhou, asiyemjua. Kwa miaka mingi alikuwa bingwa wa taarabu ya mipasho. Mke aliyetaka kumchoma mke mwenzake alimwendea yeye, na jirani aliyetaka kumnyamazisha jirani alimwendea yeye. Waimbaji wadogo walipochukua majukwaa, alimfuata mdogo wake, Othman, Guangzhou. Asubuhi alizunguka kuchagua vitambaa vya madera, na mwisho wa wiki aliimba kwenye harusi na mikahawa ya Mtaa wa Dengfeng.

Huko mkahawani ndiko Clementina alikomkuta. Alikuwa binti anayesomea sanaa za maonyesho, na alikuwa amefasiri kwa Kiswahili tamthilia kongwe ya Ulaya, ya malkia anayemchochea mwanawe wa pekee aende vitani kulipiza tusi, kisha anarudishiwa maiti. Alimwomba awe malkia huyo. Bi Shamsia hakuwahi kuigiza maishani mwake. Alicheka. Akausoma ukurasa mmoja, kicheko kikaisha.

Mazoezi ya mwanzo yalikuwa aibu tupu. Kila akifika penye kilio, mabega yalicheza yenyewe, mkono ukapanda kiunoni, na maombolezo yakageuka kijembe.

"Usimpashe mtu, mama," Clementina alimwambia siku moja. "Hapa huna hasimu. Aliyemuua mtoto ni wewe."

Bi Shamsia alikaa sakafuni, hakuinuka mpaka wenzake walipokunja viti. Tangu siku hiyo akaanza kuigiza.

Sasa onyesho lilikuwa limebakiza mwezi mmoja, na daktari alitaka kisu wiki hiyo. Bi Shamsia akasema atangoja. Edina alimsihi, akamlilia, akamweleza bila kuficha kwamba ugonjwa haungoji jukwaa. Alipoona hasikii, akamwendea Othman.

Othman alikuja ukumbini moja kwa moja kutoka bandari ya Nansha alikokuwa akipakia kontena, suruali imejaa vumbi, akasimama katikati ya mazoezi.

"Dada, vaa viatu twende hospitali."

"Kaa, Othman."

"Sikai! Mchezo wa Wazungu ndio wa kufia? Umeimba kutosha, watu wamekushangilia kutosha. Wataka nini tena?"

"Wameshangilia matusi," alisema Bi Shamsia, na sauti yake ilikuwa imeshaanza kukwaruza. "Maisha yangu yote nimetumwa na watu nikawaumize wenzao. Hakuna aliyenituma niombe radhi. Huyu malkia anaomba. Niache niyaseme maneno yake ningali na koo, kisha unipeleke utakako."

Othman alifunika uso kwa mikono yake miwili. "Basi mimi sitakuja kukutazama ukijiua," akasema, akaondoka. Na kweli hakuja.

Jioni ya onyesho ukumbi ulifurika. Wafanyabiashara wa Dar na Unguja walikuja kama waendao harusini, manukato na dhahabu, maana kila mmoja aliamini Bi Shamsia ataimba. Sehemu ya kwanza waliguna. Sauti moja ikapaa kutoka nyuma, "Tupe wimbo, bibi!" Wengine wakacheka. Bi Shamsia aliendelea kama hakusikia.

Ikaletwa maiti. Mtoto wa malkia alikuwa Benjamin, Mkenya mrefu anayesomea uhandisi, amelazwa juu ya meza na kufunikwa shuka. Bi Shamsia alipopiga magoti kando yake, vigelegele vikalipuka ukumbini. Zainabu, mwenye duka Kariakoo, alikuwa amekwishapanda jukwaani, gauni linametameta, noti za yuan juu, aje kumtunza mwimbaji kama ilivyo ada ya taarabu. Huyu Zainabu alikuwa amemwagiza Bi Shamsia wimbo zamani, wa kumpasha dada yake wa tumbo moja. Wimbo ulipendwa mji mzima. Tangu hapo madada hao hawakusemezana.

Clementina alishika kichwa pembeni ya pazia. Bi Shamsia hakuzipokea noti. Alimshika Zainabu mkono, akamvuta mpaka mezani, akamsemesha maneno ya malkia, uso kwa uso.

"Nilimwambia nenda. Nilimwambia anayesamehe ni mnyonge. Haya, mguse. Mguse, uone tulichokipata."

Akauweka mkono wa Zainabu juu ya mguu wa Benjamin. Noti zikadondoka. Zainabu akakaa palepale na kulia kilio chenyewe, na vigelegele vikakatika.

Yalibaki maneno ya mwisho, ya malkia kumwomba radhi mwanawe. Bi Shamsia akafungua kinywa. Haikutoka sauti, pumzi tu. Watu walidhani ndivyo mchezo ulivyo. Benjamin peke yake, chini ya shuka, ndiye aliyesikia mnong'ono wake, na baadaye aliapa kwamba aliyasema yote, hakuruka hata neno.

Walimpasua wiki ileile. Ugonjwa ulikuwa umeshafika kwenye tezi za shingo. Edina alimuuliza daktari kama mwezi ule mmoja ungeleta tofauti. "Pengine," alijibu, na Edina alikaa na neno hilo muda mrefu. Othman alimuuguza dada yake kwa mikono yake, wala hakumlaumu tena. Alimlisha uji kwa mrija, akamfuta kidevu, na kila alipotaka kulia alitoka akaenda koridoni.

Zainabu alikuja kumtazama, bila dhahabu. "Nimempigia dada yangu," alisema. "Hapokei."

Bi Shamsia alinyoosha mkono, akaichukua simu ya Zainabu, akabonyeza namba ile. Iliita mpaka ikakatika. Akabonyeza tena.

Mwezi uliofuata Othman alimpitisha uwanja wa ndege wa Baiyun kwenye kiti cha magurudumu, wakarudi nyumbani. Bi Shamsia akazikwa Unguja kabla ya Ramadhani. Zainabu bado anapiga ile namba kila Ijumaa, na bado haijapokelewa.