Mawese Kwenye Giaboksi

Jumanne asubuhi fundi Amisi alikuwa amelala chali chini ya gari la Zéphirin, nyuma ya soko la Kasongo. Giaboksi ilikuwa imemwaga mafuta yote mchangani. Gari lilikuwa la mseto, esansi yaani petroli, na betri, la pekee mjini. Zéphirin, mnunuzi wa dhahabu aliyetoka Bukavu, alilipenda kwa sababu likitumia betri hupita kimya, naye hakupenda kusikika akifika kwa watu.

"Patro, mafuta ya hii buati haiko huku," Amisi alisema, akiigonga giaboksi. "Iko Bukavu, ao Kalemie."

"Niko na safari leo. Weka ingine."

Zéphirin akatoa bidoni iliyojaa mawese nyuma ya gari. Wachimbaji wake walikuwa wameichukua katika shamba la Mama Falone, njia ya Lusangi, siku walipokata michikichi yake saba ili wachimbe dhahabu. Amisi akachovya kidole. Mafuta ya giaboksi ni mekundu, na mawese ni mekundu. Mafundi wa kwetu wameshatengeneza magari kwa hoja dhaifu kuliko hiyo. Akamimina lita nne.

Gari likawaka vizuri. Zéphirin alipokata kona kwenda Nyangwe, lenyewe likakata kwenda Lusangi. Alikanyaga breki, akazima. Likaendelea kwa betri hadi shambani, likapita kati ya mashimo na kusimama mara saba. Kisha likamrudisha mjini. Kesho yake likafanya vilevile. Amisi alisema buati haina kasoro, na kweli haikuwa nayo.

Habari zilipomfikia, Mama Falone akapata nguvu ya kurudi kwenye baraza la wazee. Kwa miezi miwili alikuwa akisema jambo moja: michikichi ile ilipandwa na marehemu mume wake, mmoja kwa kila mtoto aliyezaliwa, kama ilivyo desturi ya ukoo wao. Zéphirin alikuwa na karatasi ya mihuri miwili iliyosema kwamba pale ni pori, na pori halina mwenyewe. Visiki vilikuwa vimeshang'olewa. Shahidi aliyebaki ni gari.

Baraza likapanda gari lile: wazee watatu nyuma pamoja na Mama Falone, karani mbele na daftari lake. Gari liliposimama mara ya kwanza mama akasema, "Huyu Falone." Mara ya pili, "Huyu Ngoy." Mara ya nne lilikaa muda mrefu.

"Huyu Olga," mama akasema. Olga alikufa kwa surua akiwa na miaka mitatu. Mama akalia kwa uchungu, bila kujificha. Karani alimsubiri amalize, akaandika jina.

Jioni mkubwa wa baraza akasoma uamuzi. "Gari imesema kweli. Miti ilipandwa, na mwenyewe iko Mama Falone."

"Basi shamba iko yangu?"

"Miti, mama. Miti ilikuwa yako. Shamba, karatasi inasema iko pori."

Zéphirin akanunua pikipiki kwa safari zake za Nyangwe, gari akaliacha lifanye kazi linayoijua. Kila asubuhi linabeba wachimbaji hadi shambani, bila dereva, na halijapotea hata siku moja. Mama Falone naye hupanda, hakuna anayemkataza. Hukaa mbele na jembe mapajani, kwa maana hajazoea kwenda shamba mikono mitupu.

Junior, mkubwa wa wachimbaji, ni mtu wa adabu. Zamani mashimo yao yalikuwa na namba tu, na watu walikuwa wakichanganyikiwa. Siku hizi wanayaita kwa majina yaliyo katika daftari la karani, na kazi imekuwa nyepesi. Gari likisimama, humfungulia mama mlango na kumshika mkono.

"Shuka pole pole, Mama Falone. Hapa pameenda chini."

"Leo munachimba wapi?"

"Leo tunachimba Olga," Junior humjibu, na kumpokea jembe.