Mkunga na Skrini Nyeusi

Nakutegea wewe hapo, usiangalie pembeni: nyumba yangu moja, waashi sita, kila anayeingia anabomoa ukuta wa mwenzake bila kujua. Umeshindwa? Nipe mji, basi. Ni faili moja la tafsiri mikononi mwa watu sita.

Watu hao walikutana kila Jumamosi kwenye chumba cha nyuma cha maktaba, wakitafsiri kwa kujitolea programu ya simu inayowakumbusha wajawazito siku za kliniki. Mmoja wao alikuwa mkunga mstaafu. Kiongozi wao alikuwa mkwewe, fundi wa programu, mume wa bintiye; na binti naye alikuwamo. Fundi aliwachagulia ghala la matoleo: linatunza kila badiliko na jina la aliyelifanya, ila huliingii mpaka uandike amri kwenye skrini nyeusi. Mkunga alizinakili amri zote nyuma ya kadi, akazishika kama sala.

Jumamosi iliyopita kazi yake iligoma kupanda ghalani. Akajaribu tena, ikagoma. Akaandika amri ya kulazimisha, na sentensi arobaini za mwenzake, mwalimu wa hesabu, zikafutika. Fundi alizirudisha kabla chai haijapoa. Aibu ya mkunga ndiyo iliyobaki.

Leo alikuja na daftari lake la maneno, aliache mezani aende zake asirudi.

"Miaka thelathini nawaambia wazazi wasisukume kabla ya wakati," alisema, "halafu nikasukuma mimi!"

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Akamgeukia mkwewe. "Hebu niambie, baba. Kosa lile lilikuwa la mikono yangu, au la chombo?"

Fundi akainamisha macho. Kumjibu mama mkwe mbele za watu si kazi ya ulimi mwepesi.

"Mchagua jembe si mkulima," mwalimu akachokoza.

"Na jembe lisilo na mpini je, mwalimu?" binti akamrudishia. Akafungua tovuti ya kutafsiria kwenye simu yake: kila sentensi na kisanduku chake. "Mama, andika hapa. Mwalimu, na wewe andika kwenye simu yako, wakati huohuo."

"Mtandao ukikatika?" fundi akauliza. "Akiingia mpita njia akaharibu?"

"Ukikatika tutapiga soga mpaka urudi. Mpita njia ataweka pendekezo tu, mama ndiye atakayelipitisha. Na kila jioni tovuti itapeleka kazi kwenye ghala lako, mume wangu. Hulikosi."

Mkunga akavaa miwani. Akaandika: "Mtoto asipocheza tumboni tangu asubuhi, nenda kliniki leo, usingoje kesho." Mwalimu naye akaandika yake. Binti akaufungua ukurasa upya. Sentensi zote mbili zipo, hakuna iliyomla mwenzake.

Mkunga akavuta kiti, akafunua daftari, akaanza sentensi ya pili bila kuambiwa na mtu.

Fundi akakohoa. "Mama."

"Abee, baba."

"Lile swali lako. Mikono yako haina kosa. Chombo nilikichagua mimi, na nilijichagulia mwenyewe, sikuwachagulia ninyi."