Mlango wa Mzee na Usukani wa Vipande Viwili

Mlango wa nyumba yetu hapa Kumsenga ni mwembamba. Mimi huusema vibaya kila siku, na mtu mwingine akiusema vibaya namrukia. Baba mkwe wangu aliutengeneza kwa mikono yake mwaka ule familia ilipopata uraia. Kabla ya hapo walikaa miaka mingi kwenye kambi ya wakimbizi, chini ya turubai, na turubai haina mlango. Unainua pembe, unaingia. Kwa hiyo mzee alipopata kiwanja, hakuanza na msingi. Alianza na mlango. Alichonga miimo ya mninga, akaisimamisha peke yake katikati ya uwanja mtupu, watu wakawa wanapita wakicheka, halafu ndipo akajenga nyumba kuuzunguka. Sasa mzee hayupo. Mabukwe, yaani mama mkwe wangu Niyubahwe, kila akitoka na kila akiingia hugusa mwimo kwa kiganja kama anayemsalimia mtu.

Balaa lililetwa na pikipiki. Mimi nafanya biashara ya maharage: nanunua kwa wakulima wa Mabamba, nauza sokoni Kibondo, na barabara za huku si za kwenda kwa mguu na gunia. Pikipiki yangu ya kwanza ilipokufa nikanunua nyingine kwa mtu wa Kasulu, yenye nguvu ya kupanda kilima chochote, na usukani mpana kama pembe za ng'ombe. Siku naileta nyumbani, ikagonga miimo huku na huku, ikagoma kuingia.

Huku kwetu pikipiki hailali nje. Inalala sebuleni, kati ya makochi na kuku anayeatamia, na asiyetaka harufu ya petroli basi alale nje yeye. Jirani yetu alijifanya mjanja akaiacha yake barazani na mnyororo juu, na mpaka leo anatembea kwa miguu. Najua wengine huipitisha pikipiki mlangoni kwa kukata usukani, upande mmoja ukatangulia. Kwetu ukivuka kizingiti tu uko kwenye ujia, ukuta wa chumba cha mabukwe kulia, ukuta wa stoo kushoto. Hakuna pa kukatia. Basi nikawa nailaza pikipiki nje na mimi nalala karibu na dirisha, panga chini ya mto, naamka kila mbwa akikohoa.

Mume wangu Stanislaus akachoka kuamshwa. Tukiwa uani akasema, "Mama Divine, mlango ni mbao tu. Jumamosi natoa mwimo mmoja, naweka mlango wa bati, mpana. Kama hutaki, uza hiyo pikipiki."

Mabukwe alikuwa anamenya mihogo pembeni yetu. Kisu kikasimama. Nilingoja aseme neno, amkaripie mwanawe, maana hata mimi nilitaka karipio hilo nilisikie. Akasema tu, "Nyumba ni yenu, mwana wanje," yaani mwanangu. Kisha akaendelea kumenya.

Hapo ndipo hasira iliponipanda. Angepiga kelele ningevumilia. "Baba Divine," nikasema, "mlango huo hauguswi, na pikipiki siuzi."

"Sasa utafanyaje?"

"Subiri Jumamosi."

Ukweli ni kwamba sikuwa na wazo lolote.

Wazo nililikuta Kasulu, nilipokwenda kutafuta pedi za breki. Ndani ya duka la vipuri la Khamisi, nyuma kabisa, kulining'inia usukani uliokatika. Nilidhani ni mbovu. Kumbe ndivyo ulivyo: vishikio viwili vifupi, kila kimoja na pete yake ya chuma. Badala ya bomba moja refu juu, kila kishikio kinabana bomba lake la shokapu ya mbele, kulia peke yake na kushoto peke yake.

"Hizo ni za vijana wanaokimbizana," Khamisi akasema. "Unalalia tanki. Mama, wewe ukiendesha na hizo utaonekana unafua nguo."

"Mpana kiasi gani?"

"Mwembamba. Ndiyo maana hakuna bodaboda anayezitaka."

Nilitoa mfukoni uzi wa mgomba niliokuwa nimepimia mlango, nikanyoosha kutoka kishikio hadi kishikio vikiwa vimepangwa kama vitakavyokaa. Uzi ukabaki. Khamisi alitaka nimletee pikipiki anifungie yeye, lakini baada ya maneno ya kufua nguo sikutaka hata aishike. Nilirudi na basi, vishikio mapajani.

Kesho yake niliweka pikipiki uani kwa stendi kubwa. Gurudumu la mbele lilitakiwa lining'inie, na sikuwa na jeki. Mabukwe alinitazama nikihangaika na matofali, akaingia jikoni, akatoka anaviringisha kinu chake. Tulikipindua, tukakisukuma chini ya injini, gurudumu likanyanyuka. Mwanamke wa huku akikupa kinu chake ukiegemezee chuma, jua umepewa kitu.

Nilifungua usukani wa zamani nikautundika pembeni na nyaya zake. Nikalegeza bolti za kile kipande cha chuma cha juu kinachoshika mabomba mawili ya shokapu, nikashusha bomba moja, nikavisha pete, nikalirudisha. Pete ilicheza, bomba langu lilikuwa jembamba kidogo. Nikakata kopo la soda, nikaviringisha bati lake ndani ya pete, nikakaza. Ikashika. Upande wa pili vivyo hivyo. Nikahamisha mkono wa klachi, wa breki, mafuta, swichi ya taa. Jioni vishikio vilikuwa vimekaa chini ya kile chuma cha juu, vifupi, vinyenyekevu, na pikipiki ilionekana kama fahali aliyekatwa pembe.

Tulikunja vioo vya pembeni, tukasukuma. Ikapita. Majirani wakapiga makofi, mmoja akaniita injinia, na Stanislaus mwenyewe akasema, "Haya, umenishinda." Nilivimba kichwa nisiweze kulala. Lakini mgema akisifiwa, tembo hulitia maji.

Asubuhi nikaondoka kwenda Mabamba. Barabara ikiwa imenyooka, raha tupu. Nilipofika senta, mbele ya kijiwe cha bodaboda, pale wanapokaa watu wasio na kazi ila macho, nikakata kona kuingia kwa muuza maharage. Kishikio kikaja mpaka kwenye tanki, kidole gumba changu kikabanwa katikati, sikuweza kurudisha usukani wala kubana klachi. Nikaanguka taratibu, upande mmoja, kama gunia. Hakuna aliyeniuliza kama nimeumia mpaka walipomaliza kucheka. Nilikuwa nimepima mlango nikasahau barabara.

Nilirudi nimevimba gumba na roho. Stanislaus aliona matope kwenye gauni, akajua. Hakunicheka, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Alikuwa ameshaazima patasi na msumeno, amevilaza barazani. "Mama Divine, umejaribu," akasema kwa upole. "Kesho ni Jumamosi."

Nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia kidogo, kwa hasira. Mabukwe akanifuata, akasimama karibu na pikipiki, akashika kishikio, akakizungusha mpaka kikagonga tanki. Akakirudisha. Akazungusha tena.

"Kinagonga kwa sababu kiko chini," akasema.

"Ego, mabukwe. Kiko chini."

"Basi kipandishe."

Nilitaka kumwambia kwamba hakipandi, kwamba juu yake kuna kile chuma kinachoshika mabomba. Ndipo nikatazama vizuri. Chuma kinashika mabomba, lakini nani alisema mabomba yaishie pale pale? Nikilegeza bolti na kuyasukuma yapite juu kidogo, yatachomoza, na kwenye machomozo hayo pete zangu zitakaa juu ya chuma, mbali na tanki. Pua ya pikipiki itashuka kidogo tu. Nikamkumbatia mama yule, grisi na yote.

Kinu kikarudi chini ya injini. Safari hii Stanislaus alishika gurudumu, mimi nikasukuma mabomba, nikavisha pete kwa juu, nikakaza kwa nguvu zangu zote. Kisha nikazungusha usukani kulia hadi mwisho, kushoto hadi mwisho, injini ikiwa inaunguruma, nione kama kuna waya unaovutwa. Hakuna. Kati ya kishikio na tanki kidole gumba changu kilichovimba kilipita chenyewe. Nikaipeleka barabarani, nikazunguka mbele ya nyumba mizunguko midogo midogo mpaka kuku wakakimbia.

Jumamosi asubuhi patasi ilikuwa bado barazani. Pikipiki ilikuwa imelala sebuleni, na mimi nilikuwa nimelala usingizi wa kweli, nikaamshwa na jua. Nilipotoka chumbani nikamkuta mabukwe amevaa kitenge chake cha kanisani, amekaa juu ya pikipiki. Hakukaa upande kama wakaavyo wanawake wa rika lake. Alikuwa amepandisha kitenge, mguu huku na mguu huku, mikono juu ya vishikio.

"Mabukwe, unakwenda wapi?"

"Nje," akasema. "Nchi hii niliingia kwa miguu, kupitia Mabamba, huyu mume wako mgongoni. Kwenye turubai niliingia nimeinama. Nitoeni kwenye mlango wangu nimekaa."

Stanislaus akashika nyuma, mimi nikashika mbele. Tukaisukuma polepole ujiani. Vishikio vikafika mlangoni, vikaingia kati ya miimo, na huku na huku kukabaki nafasi ya kiganja. Mabukwe akainua mkono wake mmoja na kuijaza nafasi hiyo: akaugusa mwimo wa mzee wakati anapita, akatoka juani kichwa kikiwa juu.

"Patasi ya watu rudisha," akamwambia mwanawe.