Mita ya Gari Lililoegeshwa

Kila Jumamosi asubuhi, kwenye uwanja wa kuoshea magari nyuma ya kituo cha mafuta, watu wanne wenye sedani za aina moja walikaa kwenye viti vya plastiki wakingoja magari yao yakauke. Mwalimu mstaafu alikuwa na la kijivu, alilolinunua kabla mvi hazijamtoka, na sasa wamefanana. Mfamasia alikuwa na la buluu. Bi Posta, ambaye aliacha kazi posta zamani lakini jina halikumwacha, alikuwa na la kijani lenye mlango mmoja mwekundu. La nne lilikuwa jeupe, na lilikuwa la fundi saa.

La fundi saa lilikuwa zuri kuliko yote. Viti vyake vilikuwa bado vimevaa nailoni ya kiwandani, na mtu akikaa ilitoa mlio kama wa kufungua peremende. Ndani yake hapakuwahi kuliwa hata ndizi. Magurudumu yake hayakuwahi kutoka kwenye lami.

"Gari huliuzi siku unayoliuza," fundi saa alipenda kusema. "Unaliuza kila siku unapoliendesha."

Wenzake waliusikia usemi huo mara nyingi, nao waliuheshimu kama watu wanavyoheshimu saa ya ukutani.

Jumamosi hiyo alikuja na shida.

"Mita yangu inatembea gari likiwa limesimama," alisema.

"Limesimama wapi?" mfamasia aliuliza.

"Njia panda. Pale lami inapoishia, kwenda kwa shemeji yangu."

"Na mama watoto anakuwa wapi?"

"Anatembea. Anakwenda kumwona dada yake."

"Basi ni yeye," alisema Bi Posta, akipuliza chai yake.

Hakuna aliyebisha. Mwalimu alisema la kwake liliwahi kufanya mambo ya namna hiyo marehemu mkewe alipokuwa hai, ila lilikuwa upande wa mafuta. Akinuna tu, tanki linashuka. Walizunguka mafundi wote, wakabadilisha pampu bure.

Njia ya kwenda kwa shemeji ilianza pale lami ilipokatika, ikashuka kwa udongo mwekundu na mawe hadi kwenye kijito, kisha ikapanda kilima hadi nyumba yenye mlango wa bati. Fundi saa hakuwahi kuipita kwa gari. Alijua jiwe linavyofanya tairi na tope linavyofanya bushi za miguu ya gari. Kwa hiyo tangu watoto wakiwa wadogo, Jumapili baada ya chakula, aliegesha kwenye kivuli cha kibao cha barabarani, akapandisha vioo ili vumbi lisiingie, na mkewe akafungua buti, akavua viatu vizuri, akavaa vya kutembelea, akaenda. Jioni haijafika, akarudi, akajipangusa, akaingia. Hawakuwahi kugombana juu ya jambo hilo. Lilikuwa limewekwa mahali pake, kama tairi la akiba.

"Ananiharibia na shokamzoba," fundi saa aliongeza. "Zinagonga kama nimepita machimbo."

"Anavaa viatu gani?" mfamasia aliuliza.

"Vya kawaida."

"Mnunulie raba. Zenye soli nene. Uone kama hazitapona."

Fundi saa alinunua raba. Jumapili iliyofuata shokamzoba zilitulia, na Jumamosi yake akaja kumshukuru mfamasia, ambaye alisema si kitu, hata dukani kwake wengi hutibiwa miguu wakapona kichwa.

Lakini mita iliendelea. Wakaanza kuzungumza kuhusu kuliuza.

"Liuze sasa," Mwalimu alishauri. "Gari ni kama jino. Likishaanza kucheza, kila siku unayongoja ni hasara."

"Ununue lipi?" mfamasia aliuliza. "Haya mapya ya betri sijui, betri ikifa umebaki na kabati."

"Nunua gari refu," alisema Bi Posta. "Yale yenye magurudumu makubwa. Umfikishe mwenzako mlangoni kwa dada yake, mita itembee kwa haki."

Maji yalidondoka kutoka kwenye mlango mwekundu.

"Magari marefu yanakunywa," fundi saa alisema. "Halafu kuyauza ni kazi. Mnunuzi anajua limeshapelekwa kule yanakopelekwa magari marefu."

Walikubali kwamba hoja hiyo ilikuwa na uzito. Bi Posta peke yake ndiye aliyesema, "Haya," na haya yake ilikuwa fupi.

Wakati huo shemeji alikuwa mgonjwa wa kitandani. Miguu ilimvimba, pumzi ikapungua, na jirani mmoja alikuwa akimpikia uji. Jumapili moja, mke wa fundi saa aliporudi garini, alikaa kwanza bila kufunga mlango.

"Dada ana ombi," alisema.

"Ombi gani, mama?"

"Anasema anataka asikie honi mlangoni kwake kabla hajafumba macho. Sifa za gari hili amezisikia miaka yote, lenyewe hajalisikia."

Fundi saa aliipangusa dashibodi, ingawa haikuwa na vumbi.

"Tukishaliuza," alisema.

"Tukishaliuza tutampelekea nini?"

"Tutaona. Funga mlango, mama, vumbi."

Alifunga mlango. Nailoni ikalia.

Dalali wa magari aliahidi kuja Jumatano kulikagua. Jumapili iliyotangulia Jumatano hiyo, fundi saa aliegesha penye kibao kama kawaida, mkewe akavaa raba akashuka njia. Safari hii fundi saa hakusoma gazeti. Aliiangalia mita.

Namba ya mwisho ilipanda polepole, kwa mwendo wa mwanamke mwenye magoti mabovu. Baada ya kitambo waipa ziliamka zenyewe zikafuta kioo kikavu mara mbili, maana mkewe alikuwa akipita kwenye majani marefu yenye umande wa kivulini. Gari likajaa harufu ya majani yaliyokanyagwa. Mbegu ndogo zenye miiba zikajitokeza kwenye wavu wa mbele, moja baada ya nyingine, zikashika. Kisha chini ya sakafu pakawa na sauti ya maji yakipishana na mawe, na fundi saa akahisi ubaridi ukipanda kwenye nyayo zake. Mkewe alikuwa amefika kwenye kijito. Maji yalichuruzika kutoka kwenye rimu nne hadi kwenye lami kavu, na samaki mdogo asiyezidi kidole akadondoka kutoka nyuma ya bampa. Fundi saa alitoka, akamwokota, akamtia kwenye chupa ya maji ya kunywa ili arudishwe.

Alirudi akakaa. Maisha yake yote aliyapitisha kati ya magurudumu madogo yenye meno, na aliamini hakuna mashine itakayomfundisha kitu. Lakini hii ilikuwa imesimama palepale, handibreki juu, huku inakwenda. Majani yalikuwa yakigusa milango ambayo hayakuwa karibu nayo. Mwanga ndani ya gari ulibadilika ukawa wa kijani, halafu wa dhahabu, kama mtu anayetoka chini ya miti. Akavua kofia, akaiweka gotini, akakaa kama mtu aliye mahali pa ibada.

Hapo ndipo sindano ya joto ilipoanza kupanda.

Mita ilisimama. Mkewe alikuwa kwenye kilima. Fundi saa alijua, kama anavyojua saa imesimama kabla hajaitazama, kwamba amekaa chini kando ya njia na mkono uko kifuani. Sindano ikagusa wekundu. Akawasha injini. Akatia gia, akalisogeza gari taratibu hadi magurudumu ya mbele yakafika ukingoni, pale lami ilipokuwa imemegeka kama mkate ulioumwa. Mbele yake lilikuwepo jiwe la kwanza, la ukubwa wa chungu, lenye ncha. Aliliangalia sana. Alipima kimo chake na kimo cha tumbo la gari. Akakumbuka Jumatano.

Akazima injini. Akafungua boneti, akashika kifuniko cha rejeta kwa taulo, na akamimina maji ya dumu la akiba kidogo kidogo, kwa upole aliokuwa akiutumia kwa saa za wanawake, mpaka sindano ikashuka na mita ikaanza tena.

Mkewe aliporudi alikuwa na rangi nzuri.

"Pale mlimani nilikuwa nimekwisha," alisema. "Mara nikapata nafuu ya ghafla. Kama mtu kanimwagia maji ya baridi ndani ya kifua."

"Nilikuwa mimi," alisema fundi saa.

Mkewe alimtazama. "Ahsante, baba," akasema, kisha akageukia dirishani. Njiani alimpakata samaki ndani ya chupa, na Jumapili iliyofuata akamrudisha kijitoni.

Jumatano dalali alikuja na mkeka wake. Aliutandika, akaingia chini ya gari, akakaa huko kimya hadi miguu yake peke yake ikaonekana kama ya mtu aliyelala. Alipotoka alikuwa na udongo mwekundu kwenye kope.

"Mzee, hili limeishi porini."

"Halijawahi kutoka kwenye lami. Haki ya Mungu."

"Bushi zimekwisha. Kuna majani. Kuna konokono. Nani kalitembeza?"

"Mke wangu," alisema fundi saa. "Kwa miguu."

Dalali alitikisa kichwa kuonyesha ameelewa. "Hizo tunazipata. Juzi nimeletewa moja, haina hata mkwaruzo, lakini springi za nyuma zimelala. Kumbe nyumbani maji wanateka kwa kichwa." Akaukunja mkeka wake. "Ya mke tunakata sawa na ya barabara mbovu, mzee wangu. Bushi hazijui tofauti."

Wakashindana kidogo kwa heshima, na bei ikashuka. Dalali alipoondoka na gari, mke wa fundi saa alisimama mlangoni akilitazama mpaka lilipopinda. Usiku huo, kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, magoti hayakumuuma. Yalikuwa yameuzwa pamoja nalo. Yalirudi asubuhi, kwa sababu dalali hakuyahitaji.

Jumamosi iliyofuata fundi saa alifika uwanjani na sedani nyingine nyeupe, ya aina ileile, toleo lililofuata. Mita yake haikuwa ya vigurudumu. Ilikuwa ya taa. Viti vilikuwa na nailoni. Wenzake walilizunguka, wakafungua boneti, wakagonga milango kwa vidole kusikiliza sauti ya bati.

"Umechagua vizuri," alisema Mwalimu. "Hili litauzika."

"Na shemeji yako anaendeleaje?" aliuliza Bi Posta.

"Hajambo kidogo. Ila hata uji unamshinda."

Bi Posta alilitazama tumbo la gari, halafu akamtazama yeye, akarudi kukaa.

Jumapili waliegesha penye kibao. Mkewe alifungua buti mpya, akavaa raba, ambazo soli zilikuwa zimeanza kulika upande mmoja.

"Ananingoja na honi yake," alisema, akiinama kufunga kamba.

"Mpe pole. Mwambie gari bado halijazoea."

Akaenda. Taa za mita zilikaa tuli kwa muda, kama mgeni asiyejua nyumba, kisha namba ya mwisho ikabadilika. Fundi saa alitabasamu. Alivua kofia. Majani yalikuja, na kijito kikaja, na kilimani akatoka akamimina maji kabla sindano haijalalamika, kwa kuwa sasa alijua. Mita iliposimama alijua mkewe amefika mlangoni.

Akaufikiria mlango wa bati. Akaweka kiganja katikati ya usukani, akabonyeza.

Haikutoka sauti. Mbuzi aliyefungwa kando ya kibao hakuinua hata sikio. Fundi saa alidhani waya umekatika, akabonyeza tena, kwa nguvu zaidi, akashikilia.

Juu ya kilima, mkewe alikuwa ameinua mkono abishe hodi. Honi ililia pale aliposimama, mpya, ndefu, mara mbili, mpaka bati la mlango likatetemeka na jirani akatoka na kijiko mkononi.

"Amekuja!" sauti ya dada ilitoka ndani. "Amekuja mpaka mlangoni!"

Aliingia. Dada alikuwa amejiinua kwa kiwiko, jambo ambalo hakuliweza tangu mvua zilipoanza, akitazama nyuma yake, mlangoni, ambako palikuwa na mwanga na njia tupu.

"Liko wapi?"

"Ndilo hili, dada."

"Na shemeji?"

"Yuko barabarani. Anaangalia mita."

Dada alitazama tena mlangoni. Kisha akanyoosha mkono. "Sogea nilione."

Akasogea, akakaa ukingoni mwa kitanda. Dada alimshika mkono, ambao ulikuwa wa moto kama boneti iliyotoka safari, akaupapasa mpaka begani. Akamtoa mbegu ya mwiba kwenye kanga. Akashusha mikono hadi kwenye magoti, akaweka viganja juu yake, akasikiliza.

"Zuri," alisema mwishowe. "Lakini limetembea sana."

"Limetembea."

"Analitunza?"

"Bado lina nailoni, dada."

Akamnywesha uji, akamfunika. Jua lilipoanza kupungua alikaza kamba za raba akashuka kilima, na kule chini kwenye lami namba ya mwisho ikaanza kupanda tena. Fundi saa alishusha kiti kidogo, akahakikisha vioo vimefungwa, akangoja.