Kiti Kilichokwama

Mimi hufundisha watu ambao tayari wamepita mtihani wa udereva. Shemeji yangu hucheka, anasema nimepata kazi ya kumfundisha samaki kuogelea. Aje basi akae na mimi Nakuru wiki moja aone. Watu wana leseni ndani ya pochi mwaka wa tatu sasa, na wakikaribia raundabauti wanatafuta wa kumwachia usukani. Mtu alisukuma kigari cha kuchezea kwenye ule ubao wa mtihani, akaeleza vizuri nani ana haki ya kupita kwanza, akazungushwa barabarani dakika kumi na mtahini, basi akaitwa dereva. Leseni haiendeshi gari. Wakija kwangu nawarudisha barabarani pole pole, na kwa kuwa sikujaliwa subira, nawagombeza pia.

Mama Kipyegon alinijia mwezi wa Juni. Alikuwa fundi wa sare za shule pale Kiamunyi, mwanamke mfupi wa miaka hamsini na kitu, asiyerudia neno. Kipyegon alikuwa mwanawe wa pekee, na alikuwa amefariki Agosti ya mwaka uliotangulia. Alitoka kazini Ijumaa, akaegesha Probox yake uani, akasema kichwa kinamuuma. Jumapili alfajiri hakuwepo tena. Alikuwa na miaka ishirini na tisa. Mama aliniambia haya siku ya kwanza kwa sauti ya kawaida, kama anayenitajia vipimo vya sketi, kisha akanieleza kilichomleta.

Kilichomleta ni Kosgei, ndugu wa marehemu mumewe. Kosgei si mtu mbaya. Aliona gari linakaa uani miezi na miezi, magurudumu yanakwisha upepo, na hakuna wa kuliendesha, akasema liuzwe. Mama akakataa. Familia ikakaa, ikapatana hivi: ibada ya kumbukumbu ingefanyika Jumamosi ya pili ya Agosti, shambani Njoro alikozikwa Kipyegon. Kama mama angeingia pale akiwa ameshika usukani mwenyewe, gari lingekuwa lake na hakuna ambaye angeliuliza tena. Asipoweza, linauzwa. Ndiyo sababu alijiandikisha shule ya udereva katika umri ule, akapita mtihani mara ya kwanza.

"Mimi sitaki gari ingine, mwalimu," aliniambia. "Nataka hii ikae kwangu vile iko."

Nikamwambia wiki nane zinatosha kumfundisha hata mbuzi. Hakucheka.

Somo la kwanza nilimkuta ameshakaa kwenye kiti cha dereva, ukingoni kabisa, na nyuma ya mgongo ameweka mto ulioshonwa kwa kitambaa cha sare, buluu ya shule ya msingi. Vidole vyake vya mguu viligusa klachi kwa shida.

"Mama, sogeza kiti mbele."

"Imekwama."

"Na hicho kioo? Kutoka hapo unaona paa tu."

"Hiyo nayo iko na shingo mbaya. Ukiigusa itaanguka."

Nikaguna. Magari ya watu nimeyaona mengi, mengine milango inafungwa kwa kamba. Tukaanza hivyo hivyo, mimi nikiwa ndiyo kioo chake, nikigeuza shingo kila saa kumwambia nani yuko nyuma. Gari lilizima langoni. Lilizima kwenye kona ya kanisa. Lilizima mbele ya watoto wa shule waliokuwa wamevaa sare alizozishona kwa mkono wake, wakamshangilia, nami nikawafukuza kwa maneno ambayo mwalimu hafai kuyasema.

Wiki ya tatu ikawa ileile. Nilimpigia simu Wangechi, aliyemfundisha shuleni kabla ya mtihani.

"Mama Kipyegon?" Wangechi akasema. "Huyo alikuwa anaendesha gari yetu kama amezaliwa ndani yake. Labda ni hiyo gari ya kijana ndio inamtisha."

Nikaafiki. Nilijiambia ni huzuni, na huzuni mimi sina dawa yake, ila mazoezi ninayo. Kwa hiyo nikamwongezea mazoezi. Jumanne moja tulikuwa tukipanda kilima, lori la mahindi likiwa nyuma yetu, akashindwa kukanyaga klachi ikafika chini. Gari likazima, likaanza kurudi nyuma. Nikavuta breki ya mkono, lori likitupigia honi.

"Mama, miaka thelathini unakanyaga cherehani. Leo mguu umesahau?"

"Mguu haijasahau," akasema. "Haifiki."

"Basi tutengeneze hiyo kiti!"

"Kiti tuiache, mwalimu."

Alilisema lile neno taratibu, na mtu mwenye masikio angesikia. Mimi nilikuwa nahesabu siku. Zilikuwa zimebaki kumi na moja, na nilishaanza kuliona gari lile likiondoka na mtu mwingine, na mama amesimama langoni. Nilimhurumia. Nataka hilo lijulikane, kwamba nilichofanya nilikifanya kwa huruma.

Alhamisi nilikuja na kopo la oili, brashi na kitambaa. Sikumwambia. Tuliendesha kwa kusuasua mpaka barabara ya Njoro, tukasimama kwenye kibanda kimoja cha chai. Mwenye kibanda alikuwa na binti wa kupimwa sare, kwa hiyo mama akachukua futi yake akaingia. Mimi nikabaki nyuma, nikafungua mlango wa dereva, nikapiga magoti.

Nilishika kile chuma cha chini ya kiti nikijiandaa kuvuta kwa nguvu. Kiliinuka kwa kidole kimoja. Kiti kikaja mbele, laini, bila hata mlio. Hakikuwa kimekwama hata kidogo. Nikasema moyoni, kumbe mama wa watu hajui tu pa kushika. Reli zilikuwa na mstari wa vumbi kuukuu palipokuwa mwisho wa kiti, nikaupangusa ukatoka wote, nikatia oili. Nikajaribu kioo. Shingo yake ilikuwa imara kuliko yangu. Nikakishusha kikamtosha mtu wa kimo chake, nikautupa ule mto kiti cha nyuma, nikasimama kando nikijiona fundi.

Alirudi na mandazi yangu ndani ya gazeti. Alipofika mlangoni alisimama.

"Kaa uone," nikamwambia.

Alikaa. Mgongo wake uligusa kiti kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu. Miguu ikafika. Akainua macho kwenye kioo, akaiona barabara ya nyuma yote, na ng'ombe waliokuwa wakivuka, na mimi nikitabasamu. Aliyashikilia mandazi mapajani mpaka mafuta yakalowesha gazeti na kuingia kwenye rinda lake.

"Umeisogeza," akasema.

"Haikuwa imekwama, mama. Hata kidogo."

"Najua haikuwa imekwama."

Nilikaa upande wangu nikafunga mlango. Alizungumza akiangalia mbele, mikono ikiwa kwenye usukani, pale pale nilipomfundisha kuiweka.

"Hapo ndipo aliiweka, ile Ijumaa. Na kioo pia. Hakuna mtu amekaa hapa tangu hiyo siku, ni mimi tu, na mimi nilikuwa nakaa kwa ukingo. Kwa mazishi walitaka gari ifuate jeneza, nikaficha ufunguo kwa unga. Fundi wa betri nilimwambia awashe akiwa amesimama nje. Jioni nikimaliza kazi nilikuwa nakuja nakaa, nanyoosha shingo mpaka naona kwa kioo penye yeye alikuwa anaona. Nguo zake zilikuwa na harufu yake miezi mitatu, ikaisha. Hii ndio ilikuwa imebaki."

Nilishuka, nikazunguka, nikapiga magoti tena kwenye changarawe, nikashika chuma.

"Naweza kuirudisha, mama. Ilikuwa hapa?"

"Sijui."

Nikasukuma nyuma tundu moja zaidi. "Hapa?"

"Sijui, mwalimu."

"Au hapa?"

Futi yake ilikuwa bado imening'inia shingoni. Aliishika, akaiangalia. "Maisha yangu yote napima watu," akasema. "Hiyo sikupima."

Nilitafuta ule mstari wa vumbi kwenye reli. Reli ziling'aa. Vumbi lilikuwa kwenye kitambaa changu, na kitambaa kilikuwa mfukoni. Kuuliza si ujinga, tunawaambia watoto kila siku, nami nilikuwa na karibu wiki saba za kuuliza swali moja tu, kwamba mama, kwa nini hutaki kiti hiki kiguswe. Sikuuliza. Nilikuwa na haraka ya kumsaidia.

"Irudishe mbele pale uliiweka," akasema mwishoni. "Twende nyumbani."

"Niendeshe mimi?"

"Hapana. Wewe ni mrefu. Utaisogeza tena."

Akawasha gari. Akaingia barabarani kama maji yanavyoingia kwenye mfereji. Akapanda kilima kilekile kilichotushinda Jumanne, akabadilisha gia bila mimi kusikia, akatazama kioo kabla ya kila kona. Machozi yalikuwa yakimtoka muda wote, na aliyafuta kwa bega, bila kuachia usukani, maana nilimfundisha usukani hauachiwi. Miaka kumi na tisa niko katika kazi hii. Sijapata kukaa kando ya mwanafunzi aliyeendesha vizuri vile, na sijapata kuomba hivyo kwamba gari lizime.

Siku ya ibada nilifuata nyuma kwa gari langu, kwa sababu alinialika na sikuwa na uso wa kukataa. Aliingia lango la shamba la Njoro polepole, akapita katikati ya watu na viti vya plastiki, akaegesha karibu na ukuta, sambamba, kwa mkupuo mmoja. Wanawake wakapiga vigelegele. Kosgei alivua kofia. Tukasali kaburini, mchungaji akasoma, tukala, kisha Kosgei akasimama mbele ya wote akasema neno la familia ni neno, kuanzia leo gari ni la Mama Kip na mtu asimsumbue.

Watu walipiga makofi. Mama Kipyegon alisubiri yaishe, akamwendea Kosgei, akamtilia ufunguo mkononi.

"Uza, Baba Cheptoo."

Kosgei aliutazama ufunguo, akamtazama. "Na vile umehangaika kujifunza?"

"Nimejifunza. Niliahidi nitaingia nayo, na nimeingia nayo."

"Sasa mbona?"

"Sasa ni gari tu," akasema.

Kosgei akageuka kunitazama mimi, kana kwamba mwalimu angekuwa na maelezo. Maelezo nilikuwa nayo. Niliangalia viatu vyangu.

Mama alifungua mlango wa nyuma wa Probox mara moja tu, akatoa ule mto wa buluu, akauweka kwapani, akaaga watu mmoja mmoja kwa mkono. Nikamwambia nitampeleka Kiamunyi. Alipoingia garini mwangu mkono wangu ulikuwa umeshashuka kwenye chuma cha kiti chake, kwa mazoea. Nikaurudisha.

"Kiti kiko sawa, mama? Ama nisogeze?"

"Wacha hivyo."

Kilikuwa kimesukumwa nyuma sana. Asubuhi nilikuwa nimembeba Kiplangat, mwanafunzi wangu mwingine, kijana mrefu, na hapo ndipo alipokiacha. Mama Kipyegon aliuweka mto nyuma ya mgongo wake, akasogea ukingoni, tukaondoka Njoro.