Ngurumo ya Radi

Albamu ilitoka Radi akiwa kaburini tayari, na dada yake, aliyekuwa msusi, ndiye aliyeileta nyumbani. Radi alikuwa mwimbaji wa bendi ya muziki wa deth metali, tena ule mkondo wake mzito uitwao slemu: magitaa yanayokokotwa polepole kama mtu anayevuta kabati sakafuni, ngoma za kuponda, na juu yake sauti inayonguruma kutoka tumboni hata neno lisishikike. Nyumbani walimtania sana. Mama yao alikuwa akisema yeye alizaa mtoto, hakuzaa simba, basi ashushe sauti watu wasikilizane.

Sasa mama huyohuyo aliiweka albamu kila alasiri, akakaa mbele ya spika, mikono mapajani.

Msusi alijilazimisha kuipenda. Haikupendeka. Wimbo wa kwanza ulikuwa na kishindo chake, wa pili ukawa ni wa kwanza uliobadilishwa jina, na kuanzia hapo ikawa kutwanga maji kinuni. Mashabiki waliomlilia Radi msibani waliandika mtandaoni, kwa haya, kwamba ukisikiliza wimbo mmoja umezisikia zote. Iliwauma kuandika hivyo. Ilimuuma naye kusoma, lakini angewabishia nini?

Kilichomkosesha raha hasa ni ile sauti. Haikuwa inafanana wimbo kwa wimbo, ilikuwa ileile. Ilipanda, ikakwaruza katikati, kisha ikakatika ghafla kama mlango uliofungwa usoni pa mtu. Ilimfuata mpaka jikoni, mpaka kitandani. Akijifunika shuka, iko ndani ya shuka.

"Mwenzio anataka kusema kitu," mama alimwambia siku moja bila kugeuka. "Kila akitaka kusema, wanamziba mdomo."

Msusi angeweza kujiambia kuwa ni majonzi ya mzazi. Ila naye alikuwa amesikia vilevile.

Kesho yake mchana akaenda kwa mpiga gitaa wa bendi, rafiki wa Radi tangu wakivaa kaptula, aliyekuwa na chumba cha kurekodia nyuma ya gereji ya baba yake, kuta zimebandikwa magodoro makuukuu. Alimkaribisha, akamfutia kiti vumbi, akaulizia hali ya mama mara mbili. Alipoulizwa kuhusu ile ngurumo, akainama, akawa anakunjakunja waya mkononi.

Akaeleza. Radi alifika kurekodi alasiri moja tu, mwili umekwisha kwa ugonjwa, anajishikilia ukutani. Walikuwa wanajaribu maikrofoni kwanza. Akanguruma mara moja, nguvu zikamwishia, wakakubaliana arudi akipata nafuu. Nafuu haikuja. Kumtafuta mwimbaji mwingine waliona ni sawa na kumvua marehemu shati. Basi wakaichukua ngurumo ileile, hapa wakaivuta, pale wakaizamisha, wakaipachika katika nyimbo zote.

"Tulijua albamu ni mbovu, dada," alisema. "Lakini ilikuwa ni hiyo au kimya."

"Mwishoni pale mlikata nini?"

Alitafuta rekodi yenyewe kwenye kompyuta, akaicheza.

Ngurumo ikapanda, ikakwaruza. Na pale ambapo albamu ilikuwa ikifunga mlango, ikaja pumzi ndefu, kikohozi, kisha kicheko kidogo cha Radi, kile cha kujicheka mwenyewe. "Ah, hiyo mbaya. Ngojeni nirudie."

Baada ya hapo ni ukimya wa chumba tu. Mpiga gitaa alikuwa analia, kamasi na machozi, wala hajifuti.

Msusi aliibeba rekodi ile kwenye simu mpaka nyumbani. Njiani alijiuliza kama anampelekea mama dawa au kisu. Mama aliisikiliza, akaomba tena, kisha tena. Halafu akaweka kiganja juu ya simu kama anayepapasa paji la uso la mtoto mwenye homa.

"Usirudie, baba," akamwambia. "Imetosha. Pumzika."

Akainuka akaenda kuanua nguo. Albamu ile hakuigusa tena, na usingizi wake ukamrudia.

Wa msusi haukurudi wote. Mpaka leo, akizima drayer ya kukaushia nywele pale saluni na ngurumo yake ikakatika, hamfunui mteja kichwa papo hapo. Husimama kidogo, mkono hewani, ametega sikio. Wateja hudhani amechoka, wakamsogezea kiti.