Mazishi ya Kiwanda cha Sabuni

"Tuifiche chini ya kitanda," Zéphirin, mpiga tarumbeta wa bendi, alisema, akiisukuma tuba, lile baragumu kubwa la besi, kwa mguu. "Kampuni inaisha kufwa. Nani ataiuliza?"

Donat aliuondoa kwanza ule mguu. "Toa kiatu yako pale!"

Tuba haikuwa yake, na hilo ndilo lililomuuma. Kiwanda cha sabuni, alikokuwa akichochea moto wa mapipa, ndicho kilichoinunulia bendi ya wafanyakazi vyombo vyake. Sasa Katanga imejitenga, biashara imekwama, na mahakama ya Elisabethville imetamka kwamba kiwanda kimefilisika. Mfilisi aliyewekwa na mahakama, wakili Laurent, alitaka kila mali ya kampuni irudishwe Ijumaa, iuzwe, wadai walipwe. Na Jumamosi Edith, binti wa Donat, anaolewa. Tangu utotoni aliahidiwa kwamba baba yake atamtoa nyumbani akimpigia tuba.

Donat alikuwa ameshakwenda kumwomba mfilisi.

"Si yangu, si yako," yule wakili alimjibu. "Mimi niko muchungaji wa mali tu, Donat. Nikikupatia wewe, nitamukatalia nani?"

Donat alimchukia njia nzima. Alipofika nyumbani aligundua kwamba amemwelewa, akazidi kukasirika.

"Baba Edith," mkewe Léonie alisema huku akitwanga sombe, majani ya mihogo, "mutoto atalia."

"Atalia. Lakini hakuna muntu atamwambia baba yake ni mwizi."

Ijumaa asubuhi aliisugua tuba kwa majivu na ndimu mpaka ikamwonyesha meno yake mwenyewe. Wenzake walipofika kwa unyonge na vyombo vyao kwapani, aliwakemea. "Muntu akikufwa tunamutupa? Ile kampuni ilitulisha. Tutaisindikiza."

Wakatoka mtaa wa Albert wakipiga wimbo wa maziko, polepole, Donat akiibeba besi nyuma yao. Wanawake walitoka nje, mikono kichwani. "Nani anakufwa?"

"Sabuni!" Zéphirin alijibu, kisha akarudisha tarumbeta mdomoni.

Kwenye kizuizi cha barabarani, jandarme, askari wa Katanga aliyezoea kupekua hata vikapu vya mihogo alivua kofia, akainua mti wapite. Matajiri wangapi wa mji ule walizikwa bila heshima ya namna hiyo!

Uani pa kiwanda mfilisi alikuwa akipiga lakiri ya mahakama milangoni. Aliacha kazi, akasimama wima mpaka sauti ya mwisho ilipokwisha. Donat akamkabidhi tuba. Wakili Laurent aliipokea kwa mikono miwili, kama watu wa kwao Donat wanavyopokea kitu cha heshima, na Donat akaridhika.

Jumamosi wanabendi walikuja wamevaa mashati meupe, mikono mitupu. Edith alitokea mlangoni na gauni lake. Aliwatazama wote, kisha akamtazama baba yake.

Donat alitangulia barabarani. Akakunja mikono kifuani, akiikumbatia ile nafasi ambayo tuba ilikaa miaka yote, akavimbisha mashavu.

"Pom," koo lake likasema. "Pom, pom."

Zéphirin akadakia sehemu ya tarumbeta kwa midomo. Mpiga ngoma akaitikia kwa viganja mapajani. Edith akacheka huku machozi yakimtoka, akainua pindo la gauni, akangoja pom nyingine, ndipo akatoa mguu nje ya mlango.